Rudisha Ile Mistari Myeusi

Kuna kelele moja iko kwenye kila nyumba ninayoijua, kuanzia Mtwapa mpaka Mambrui. Muvi inaanza, juu na chini kuna mistari myeusi, na kabla jina la muigizaji wa kwanza halijatokea mtu anaruka: "Hebu jaza hiyo skrini!" Rimoti inatafutwa chini ya mito ya kochi, kitufe cha ZOOM kinabonyezwa, picha inavimba, mistari inapotea, watu wanatulia. Tumelipia inchi 43, tutatumia inchi 43 zote.

Huyo mtu wa rimoti nilikuwa mimi. Leo nawaeleza kwa nini niliacha, na nikieleza hivyo itabidi turudi nyuma miaka 130 hivi, manake ile mistari ina historia yake na imepitia hapa kwetu pia. Lakini wacha nianze na kosa langu kabla sijaanza kulaumu Hollywood.

Wazazi wangu walioana mwaka 1998, kule Kakuyuni, bara kidogo ukitoka Malindi. Alikodiwa jamaa mwenye kamera ya VHS, zile za kubeba begani kama gunia. Kaseti ikakaa kabatini miaka na miaka. Nilipofika miaka 19, nimeshaacha chuo na nimeshaamua mimi ni mtu wa video, nikaipeleka kwa fundi, akanihamishia ile harusi kwenye flashi. Picha ilikuwa karibu mraba, na kwenye TV yetu ikatokea na mistari myeusi kushoto na kulia. Nikaona ya kizamani. Nikaifungua kwenye simu, nikaivuta mpaka ikajaa skrini nzima, nikaihifadhi hivyo. Simu ilikuwa imejaa, kwa hiyo nikafuta ile ya mwanzo. Flashi nikaijaza muvi. Kaseti yenyewe ilikuwa imeshaliwa na ukungu, nyinyi mnajua joto na chumvi ya pwani inavyofanya vitu, ikatupwa na takataka.

Disemba tukaketi kuitazama. Mama akawa anacheka, anawataja watu mmoja mmoja. Halafu akanyamaza, akauliza, "Na hawe yuko wapi?"

Hawe, yaani nyanya yangu mzaa mama, alikuwa ameketi mbele kabisa kwenye mkeka, anatikisa kayamba. Kwenye picha ya asili alikuwa upande wa chini. Mimi nilipojaza skrini nilikata juu na chini. Sasa kayamba inasikika dakika nzima na hakuna anayeitikisa. Mara moja tu unaona ncha ya leso aliyojifunga kichwani, inapanda kwenye ukingo wa chini, inashuka. Alifariki nikiwa darasa la tano. Hatuna picha nyingine yake ya kutembea.

Mama hakunigombeza. Aliniambia tu nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaniambia tena. Mara tatu, kama mtu anayedhani safari hii kamera itainama.

Basi ndipo nikaanza kutafuta: hii tabia ya kujaza skrini ilitoka wapi?

Mwanzo ilikuwa karibu mraba

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, kule Marekani, William Dickson, mfanyakazi wa Thomas Edison, alichukua filamu ya upana wa milimita 35, akaipa kila picha matundu 4 pembeni ya kuivutia. Umbo lililotoka ni upana 4 kwa kimo 3. Umbo hilo likashika dunia nzima. Mwaka 1932 Hollywood ikalirekebisha kidogo ili sauti ipate nafasi kwenye filamu, lakini kwa macho ya kawaida ilibaki ile ile, karibu mraba.

TV ilipokuja ikaiga umbo hilo hilo. Ilikuwa na maana, sinema zote zilikuwa hivyo. Kwa muda mfupi sinema na TV zilikuwa na umbo moja, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kugombania rimoti.

Shida ilianza watu walipobaki nyumbani. Miaka ya 1950 Wamarekani wakanunua TV na majumba ya sinema yakaanza kukosa watu. Hollywood ikajiuliza: tuwape nini ambacho TV haiwezi? Jibu likawa upana. Septemba 1952 ikaonyeshwa This Is Cinerama, projekta 3 zikipiga kwa pamoja kwenye skrini moja iliyopinda. Mwaka uliofuata ikaja The Robe, muvi ya kwanza kutolewa kwa CinemaScope. Siri ya CinemaScope ilikuwa lenzi iliyobuniwa na Mfaransa Henri Chrétien miaka ya 1920: wakati wa kupiga inaibana picha pana iingie kwenye filamu ya kawaida, na wakati wa kuonyesha lenzi nyingine inaitanua. Upana ukawa zaidi ya mara mbili ya kimo.

Kwa hiyo skrini pana ilizaliwa kama silaha dhidi ya TV. Shika hilo, manake yaliyofuata ni kichekesho.

Upana haukubaki Marekani. Mwaka 1959 Guru Dutt akatoa Kaagaz Ke Phool, muvi ya kwanza ya CinemaScope ya India. Hong Kong wakawa na upana wao, na kung fu nyingi ambazo baba zetu walizipenda zilipigwa kwa upana wa mara 2.35 ya kimo au hapo karibu. Waitaliano na muvi zao za kaoboi vilevile. Hata simba wetu: Born Free ya 1966, hadithi ya Elsa, ilipigwa hapa hapa Kenya kwa Panavision, upana mtupu.

Na watu wa ukanda huu waliziona hivyo kwenye majumba ya sinema. Zanzibar walikuwa na Majestic, jengo lake la sasa ni la mwaka 1955. Muhindi alipoimba kutoka pembe hii ya skrini na mpenzi wake akajibu kutoka pembe ile, wote wawili walikuwepo.

Halafu kikaja kisu

Hollywood haikuweza kuikimbia TV milele. TV ilikuwa na pesa, na Hollywood ilikuwa na stoo iliyojaa muvi. Septemba 1961 kituo cha NBC kikaanza kuonyesha muvi kubwa kila Jumamosi usiku, na ya kwanza kabisa ilikuwa How to Marry a Millionaire, muvi ya CinemaScope ya 1953. Ni stori ya wanawake watatu, Marilyn Monroe akiwa mmoja wao. Hebu fikiria wanawake watatu waliopangwa kutoka ukuta mpaka ukuta, halafu uwaingize kwenye boksi lililo karibu mraba.

Utafanyaje? Njia ni mbili. Unaweza kuipunguza picha nzima mpaka upana wake uingie, juu na chini kubaki weusi. Au unaijaza skrini kwa kimo, halafu upana uliozidi unaukata. Waliamua kukata.

Na kukata kwenyewe kulikuwa kazi ya mtu. Kulikuwa na fundi kwenye chumba, ana dirisha la umbo la TV, analisogeza juu ya ile picha pana: saa hii aonekane huyu wa kushoto, sasa telezesha kulia tumwone yule. Mwelekezi wa muvi alikuwa hajasogeza kamera, lakini nyumbani unaona kamera inasogea. Wawili waliokuwa wanatazamana kwenye fremu moja wakageuka watu wawili wanaoonekana kwa zamu.

Hesabu ni rahisi, fanya na simu yako. Muvi yenye upana wa 2.35 ukiiingiza kwenye TV ya 4 kwa 3 bila mistari, inabaki asilimia 57 hivi. Asilimia 43 imeondoka. Yaani umelipa nauli ya kwenda Mombasa na umeshushwa Kikambala.

Sasa ile muvi iliyopanuliwa ili TV isiiweze, ikakatwa ili TV iiweze. Ndio kichekesho nilichowaambia.

Kwetu: TV, kaseti na kibanda

Kenya ilipata TV mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Tanzania bara walikaa bila TV mpaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi. Huwa tunawacheka kwa hilo. Lakini hebu litazame kwa upande wa pili: mtu wa Dar wa miaka ya 1970 aliyetaka muvi alikwenda sinema, na sinema ilimpa picha pana. Sisi tuliotangulia kuwa na TV ndio tuliotangulia kupewa vipande.

Halafu JVC wakatoa VHS mwaka 1976, na miaka ya 1980 kaseti zikazagaa kila mahali. Karibu kaseti zote za muvi zilikuwa zimejazwa skrini, yaani zimekatwa kiwandani kabla hazijafika dukani. Hukuwa na kitufe cha kurudisha. Kile kipande cha pembeni hakikuwemo kwenye kaseti kabisa.

Kutoka hapo tukapata shule yetu kubwa ya sinema, kibanda cha video. Wa rika langu tumekuta mwisho mwisho wake. Cha mtaani kwetu Maweni kilikuwa na mabati juu na makuti ubavuni, mabenchi ya mbao, TV ya kichogo iliyofungiwa kwenye kasha la chuma, na deki ya DVD. Kiingilio shilingi 10. Ukiwa huna, ulizunguka nyuma ukachungulia kwenye mwanya wa makuti. Mimi nimetazama nusu ya utoto wangu kupitia mwanya ule, mwembamba, umesimama wima. Nitaurudia mbele.

Pale ndani tulipewa Bruce Lee na Chuck Norris wanapigana Colosseum kule Roma. Muvi ile, The Way of the Dragon ya 1972, ni pana. Kwenye kibanda teke lilikuwa linatoka nje ya TV na mtu anaanguka kutoka nje ya TV. Tulikuwa tunabishana nani kampiga nani. Nilidhani ni ufundi wa Bruce Lee, kwamba ana kasi mpaka kamera haimpati. Kumbe kakatwa.

Na hapa lazima niwape heshima yao wasimulizi. Kwetu DJ Afro, Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda kuna VJ Jingo. Watu huwasifu kwa vichekesho na kwa kutafsiri, ni haki yao. Mimi nawasifu kwa jambo jingine pia: picha ikiwa imekatwa, sauti ya msimulizi ndiyo inayokushika mkono. "Jamaa anamvizia nyuma!" na wewe hilo la nyuma hulioni, lakini ushaambiwa lipo. Walituziba mapengo bila kuajiriwa na Hollywood.

Sitaki pia kuwadharau waliojaza skrini zama zile. Nilipiga hesabu. TV ya inchi 14 ina kimo cha sentimita 21 hivi. Ukiionyesha muvi pana nzima nzima na mistari yake, picha inabaki kimo cha sentimita 12. Kiganja changu kinaizidi. Sasa watu 40 kwenye mabenchi, yule wa nyuma kabisa ataona nini? Mwenye kibanda aliyejaza skrini alikuwa anamhurumia mteja wa benchi la mwisho. Ilikuwa na maana.

Tena deki zile za DVD zilikupa uamuzi, tatizo hakuna aliyetufundisha kuusoma. Kama bado kuna moja nyumbani, ingia kwenye mipangilio utakuta: 4:3 PS, 4:3 LB, 16:9. PS inakata pembeni, LB inaweka mistari na kukupa picha nzima. Sisi tulikuwa tunabonyeza bonyeza mpaka mistari iishe, tunasema "imekubali."

Muvi yetu iliyopigwa kwa woga

Hii ndiyo sehemu iliyoniuma zaidi baada ya hawe.

Sydney Pollack alikuwa mwelekezi Mmarekani aliyependa upana. Mwaka 1975 alitoa Three Days of the Condor, pana sana. Baadaye shirika la utangazaji la Denmark likaionyesha kwenye TV ikiwa imekatwa. Pollack akaenda mahakamani. Mwaka 1997 mahakama ya Copenhagen ikakubali kwamba kuikata vile kuliiharibu kazi yake, ingawa kesi yenyewe hakuishinda. Yaani kuna hakimu aliyewahi kukaa na kusikiliza habari ya ile mistari myeusi. Siku nyingine ukiambiwa unabishana upuuzi, wajibu hivyo.

Sasa Pollack huyu huyu ndiye aliyekuja Kenya kupiga Out of Africa, iliyotoka 1985 na kuchukua Oscar 7, ikiwemo ya muvi bora na ya upigaji picha. Ndege juu ya Bonde la Ufa, nyika mpaka macho yachoke. Ungedhani ni upana mwisho wa upana. Siyo. Ilipigwa kwa upana wa 1.85, mwembamba kuliko Born Free ya miaka 19 kabla yake. Pollack alikuwa amechoka kuona muvi zake zikikatwa kwenye TV, akaacha ile fremu ndefu kwa miaka mingi. Aliirudia mwaka 2005, kwenye The Interpreter.

Elewa maana yake. Muvi kubwa kuliko zote zilizowahi kupigwa nchini mwetu, nyika yetu ilibanwa tangu siku ya kupigwa, kwa sababu mtu alijua huko mbele kuna rimoti. Kile kipande hakikukatwa na fundi, kamera haikukichukua kabisa. Hakiko stoo yoyote. Kama mikono ya hawe.

Wastani wa kila kitu

Miaka ya 1980 wahandisi wakaanza kupanga TV ya baadaye. Mmoja wao, Kerns Powers, akachora mistatili ya maumbo yote yaliyokuwa yakitumika, kuanzia ile ya 4 kwa 3 mpaka ile ya 2.35, yote eneo sawa, akaipanga moja juu ya nyingine. Akaona umbo la 16 kwa 9 linaizunguka yote kwa nje, na kwa ndani pia sehemu wanayochangia wote ina umbo hilo hilo. Likawa ndilo umbo la TV zetu. Ni maridhiano, kwa hiyo haliwatoshelezi wote: muvi ndefu bado ina mistari juu na chini, na video ya zamani bado ina mistari kushoto na kulia.

Hapa Kenya TV pana ziliingia kwa kishindo wakati wa kuhamia dijitali. Mnamo Februari 2015 mitambo ya analogi ikaanza kuzimwa, KTN, NTV na Citizen wakatoweka hewani karibu wiki 3, na kufikia mwisho wa Machi analogi ikawa imekwisha. Mnakumbuka mbio za ving'amuzi. TV ya kichogo ikaanza kusukumwa sebuleni kwenda jikoni, kisha kwa fundi, kisha kwa mkokoteni wa vyuma chakavu.

Na hapo tukaanza dhambi mpya, ya kunyoosha. Kipindi cha zamani cha 4 kwa 3 kikitandazwa kwenye skrini ya 16 kwa 9, kila mtu ananenepa kwa theluthi moja. Nimetazama taarab za zamani kwenye hoteli za mjini, waimbaji wamekuwa wapana kama milango ya Lamu. Gurudumu la gari limekuwa yai. Watu wanakunywa chai, hakuna anayeshtuka. Ukitazama Mogambo, ile ya 1953 iliyopigwa Afrika Mashariki na Clark Gable, jua kwamba umbo lake halisi ni karibu mraba. Mistari ya pembeni pale ndio ushahidi kwamba unaiona sawa.

Sasa wajuaji mtaniambia si kila skrini iliyojaa imekatwa. Kweli. Kuna muvi zilizopigwa kwa fremu ndefu ya kimo, kisha sinema zikafunika juu na chini. Ukizitazama kwenye TV ya zamani uliona hata zaidi. Mwanzo wa The Shining, kwenye kaseti za zamani, kivuli cha helikopta iliyobeba kamera kinaonekana kinapita chini. Lakini hata hapo, unaona kitu ambacho mwelekezi alikifunika kusudi. Kuongezewa usichokusudiwa na kupunguziwa ulichokusudiwa, yote mawili ni mtu mwingine kakuamulia.

Mwanya wa makuti umerudi

Niliwaambia nitaurudia ule mwanya. Uko mfukoni mwako.

Video ya simu iliyosimama wima kwa kawaida ni 9 kwa 16. Chukua muvi ndefu ya 2.39, ijaze kwenye simu iliyosimama. Inabaki chini ya robo. Asilimia 23 na ushee. Yule fundi wa 1961 aliacha zaidi ya nusu, naye tukamwita mharibifu. Sisi tunaacha robo na tunaita "klipu kali." Tena siku hizi hata fundi hayupo, programu inatafuta sura inayoongea, inaifuata. Anayesikiliza anatupwa. Na wewe ukiitazama tena ile muvi utaona mara nyingi stori iko usoni mwa anayesikiliza.

Mimi nimefanya hivyo. Video yangu ya kwanza iliyotembea ilikuwa kipande cha kung fu nilichokikata wima, mtu mmoja anarusha ngumi hewani. Watu walicheka. Nilijisifu. Nilikuwa nimewarudisha wote nyuma ya kibanda kuchungulia, na wakati huu kiingilio walikuwa nacho.

Wenye vibanda walikuwa na sababu: skrini ndogo, watu wengi. Sisi tuna inchi 43 sebuleni na simu inayolala ukiilaza. Sababu imeondoka, tabia imebaki. Tunaogopa weusi kwa sababu tunadhani ni sehemu ya TV tuliyoibiwa, wakati kilichoibiwa huwa hakionekani. Hiyo ndiyo shida ya kitu kilichokatwa, hakiachi alama. Ile harusi ya wazazi wangu, mgeni akiitazama leo haoni kasoro. Skrini imejaa vizuri. Ni mama tu ndiye aliyejua kuna mtu hayupo.

Basi nawaomba mambo matatu, hayana gharama.

La kwanza, nenda kwenye mipangilio ya picha ya TV yenu, toa ZOOM, weka Auto au Original. Mtu akipiga kelele, mwambie avumilie dakika 10. Baada ya hapo macho yanazoea, mistari haionekani tena, inaonekana picha.

La pili, ukihamisha kaseti za nyumbani, za harusi, matanga, maulidi, mahafali, ziache 4 kwa 3. Ukitaka kuikata kwa ajili ya TikTok kata nakala, si ile ya asili. Nakala ya asili weka sehemu mbili, na usiifute hata simu ikikuambia imejaa. Futa muvi. Muvi zitarudi.

La tatu, kama una mzee nyumbani, mrekodi. Laza simu. Na ukimaliza kumrekodi usoni, rudi nyuma hatua mbili, mikono yake ionekane.

Ile video ya harusi bado ninayo. Nimeirudisha kwenye umbo la 4 kwa 3, nimeipunguza mpaka ikakaa katikati, na kule chini nilikokata nimeacha weusi mtupu. Mama akiitazama sasa, kayamba ikianza anaangalia pale chini, kwenye ule weusi. Anasema hapo ndipo alipokuwa ameketi.